Mboni za Milembe

Mwezi uliopita niliingia kwenye duka la pembejeo pale Lagangabilili kununua kamba ya kufungia mzigo. Sikuwa na haja nyingine. Muuzaji, kijana mwenye simu iliyobanwa kati ya sikio na bega, alikuwa anamimina kitu kutoka kwenye galoni kwenda kwenye chupa ndogo. Kabla sijauliza bei ya kamba, mdomo wangu ulikauka. Moyo ukaanza kwenda mbio, viganja vikalowa jasho. Nilisimama nikijishangaa, maana sikuwa naogopa chochote. Ndipo pua nayo ikafika: dawa ya pamba. Mwili ulikuwa umeijua kabla yangu.

"Vipi mama, unaumwa?" kijana akaniuliza.

"Hapana. Kamba shilingi ngapi?"

Alinitajia bei, lakini nilikuwa nimeshatoka.

Waliokulia kwenye pamba, wale wa rika langu, wanaijua harufu hiyo. Ni kama mafuta ya taa yaliyokaa na kitunguu kilichooza. Msimu wa kupiga dawa ilikuwa inakaa kwenye nguo, kwenye mikeka, kwenye nywele za wazazi wetu wakitoka shambani, hata kwenye ugali. Mtu hakusema "unanuka dawa", kwa sababu wote tulinuka. Nimekaa Kahama, nimepika machimboni Geita, nimeuza mitumba Mpanda, nimeuza chai Tunduma, na kila mji nilihama kabla sijajua majina ya watoto wa jirani. Katika miji yote hiyo sikuwahi kuinusa. Nilifikiri imekwisha. Kumbe ilikuwa inanisubiri nyumbani.

Nyumbani kwetu ni upande wa Nkoma, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaonasa miguu masika na kupasuka kiangazi. Tulikuwa watoto wawili tu waliobaki hai: mimi, darasa la nne, na mdogo wangu Milembe, ambaye alikuwa hajaanza shule. Baba alikuwa na bomba la betri, lile la fimbo ndefu lenye kisahani mbele kinachozunguka na kurusha dawa kama umande. Alilitunza kuliko redio. Chupa ya dawa ilikaa juu ya kenchi, ndani ya chumba cha kuhifadhi mahindi, na amri yake ilikuwa moja: atakayeigusa atajuta kuzaliwa.

Lakini yeye mwenyewe hakuitumia kwa pamba peke yake. Josho la kata la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limeharibika siku nyingi na kupe walikuwa wanamaliza ndama. Kwa hiyo baba, kama baba wengine wote wa pale kwetu, alifunga kitambaa kwenye ncha ya kijiti, akachovya kwenye dawa ya pamba, akampaka ndama ndani ya masikio na chini ya mkia. Nilikuwa namshikia kamba. Nilikuwa naona kupe wanaachia, mmoja baada ya mwingine, wanadondoka kama mbegu za mbarika. Ndama anatikisa masikio, anakwenda zake kunyonya. Niliyaona hayo kwa macho yangu, si mara moja.

Milembe alikuwa na chawa. Mimi sikuwa nao kwa sababu shuleni tulinyolewa vipara. Yeye alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, laini, na shangazi yetu aliyekuwa anaolewa kule Maswa alikuwa ameagiza zisiguswe: Milembe atasukwa, atavaa gauni jeupe, atamtangulia bibi harusi akitupa maua. Milembe alikuwa anafanya mazoezi ya kutupa maua kila siku, kwa majani ya mlenda. Mama alikuwa anampaka mafuta ya taa kichwani, anamfunga mfuko wa nailoni, baadaye anamchana. Chawa walikufa, mayai yakabaki, wakarudi. Zikawa zimebaki siku chache tu harusi ifike.

Jumamosi ile baba alikuwa amekwenda mnadani na baiskeli. Mama alikuwa anapalilia shamba la mbali. Mimi niliachiwa nyumba, mboga, na Milembe. Alikuwa anajikuna mpaka damu inatoka nyuma ya masikio.

"Leo nakumaliza hao wadudu," nilimwambia.

"Mafuta ya taa yameisha. Mama kasema."

"Nani kakwambia mafuta ya taa? Nina dawa ya baba."

Akanitazama na pengo lake la mbele. "Ya ndama?"

"Ya ndama. Ndama analia?"

"Halii."

"Basi na wewe usilie."

Nilipanda juu ya gunia la mahindi, nikaishusha chupa. Nilimimina kwenye kifuniko, nikachovya kitambaa, nikampaka kichwa chote, kwenye utosi, nyuma ya masikio pale alipojichubua, shingoni. Nikamrudishia tena kwa sababu nywele zilikuwa nyingi. Nikamfunga mfuko wa nailoni, juu yake kitambaa cha kanga. Chupa nikairudisha juu ya kenchi, na kwenye kifuniko nikajaza maji kidogo, nikayatia ndani ili baba asione imepungua.

"Dada, inawasha."

"Vumilia. Unataka kwenda na chawa kanisani?"

"Inawasha machoni."

"Funga macho."

Akafunga. Akakaa kwenye mkeka, mikono juu ya magoti, kama bibi harusi mwenyewe.

Nieleze jinsi nilivyoufahamu mwili wa mtu wakati ule, kwa sababu ndiyo sababu ya yote yaliyofuata. Niliamini kila kinachotoka mwilini kinatolewa na mwenyewe kwa kutaka. Machozi ni deko. Mate kumwagika ni utoto. Kujikojolea ni uvivu wa kuinuka. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mtoto aliyejikojolea kwetu alichapwa. Moyo tu ndio sikuujua nani anaupiga, nikafikiri ni Mungu. Vingine vyote nilidhani vina mwenyewe ndani, amekaa, anaamua.

Kwa hiyo nilipotoka kuchuma mboga nikamkuta Milembe machozi yanamtiririka, nilikasirika.

"Sijakupiga, unalia nini?"

"Silii."

"Hayo ni nini?"

"Silii, dada. Yanatoka."

Mate nayo yalikuwa yanatoka, mengi, yanashuka kwenye kidevu mpaka kifuani. Nikamwambia ajifute. Akajifuta, yakatoka mengine. Kamasi pia. Paji la uso limejaa jasho, na alikuwa amekaa kivulini. Nilidhani ananikomoa, kwamba amejua nikimwacha hivyo mama akirudi nitachapwa mimi. Nikamwambia ainuke akanawe. Akainuka, akapiga hatua mbili, mkojo ukamshuka miguuni, kisha na haja kubwa.

Nilimpiga kofi. Nilimpiga la pili.

"Wewe mtoto mchanga? Eh? Mtoto mchanga?"

Hakulia. Hilo ndilo ninalolikumbuka, kwamba macho yalimwaga maji lakini yeye hakulia. Alinitazama kama mtu anayetaka kunieleza jambo na hana nafasi. Akatapika, akakaa chini palepale kwenye uchafu. Nilipomwinua kichwa niliyaona macho yake. Lile doa jeusi la katikati halikuwepo. Niliangalia tena. Lilikuwepo, limekuwa dogo kama alama ya ncha ya kalamu.

Nilimvua mfuko, nikamfuta kichwa kwa kanga, nikamwosha miguu. Mfuko na kitambaa nikavitupa chooni. Ndipo nikakimbia kumwita mama.

Mama hakupiga kelele. Alimbeba mgongoni, akamfunga kwa kanga mbili. Mama Sayi, jirani yetu, alitukuta njiani ametua ndoo.

"Degedege hiyo," akasema akimwangalia mtoto anavyotetemeka nyama za mashavu. "Usimpeleke kwa nesi. Degedege haichomwi sindano, mtoto anafia mkononi mwako."

"Hana joto," mama akajibu bila kusimama. "Degedege gani ya mtu asiye na joto?"

"Mimi nimekwambia."

"Nimesikia."

Ilikuwa mwendo wa karibu saa nzima hadi zahanati. Mama alitembea kama anayekimbia na mimi nilikuwa nyuma, nikiona mate ya Milembe yanavyolowesha mgongo wa mama, kanga inabadilika rangi. Mama alinuka dawa. Alikuwa ametoka katikati ya mashamba yaliyopulizwa jana yake. Nikajiambia hakuna atakayejua.

Nesi wa zahanati yetu alikuwa mgeni, mtu wa mbali, wa huko pwani, aliyetamka Kiswahili kama anaimba. Mama alikuwa hasemi Kiswahili. Kanisani aliimba Kisukuma, sokoni alinyoosha vidole. Kila tulipokwenda zahanati mkalimani nilikuwa mimi, na nilijivunia kazi hiyo.

Siku ile nesi alikuwa na mwanamke wa kujifungua kwenye chumba cha pili, peke yake, hana msaidizi. Alitoka, akamlaza Milembe kwenye kitanda, akamfunua jicho, akashika mkono kuhesabu mapigo, akakunja uso.

"Muulize mama," akaniambia. "Mtoto amekula nini, amekunywa nini. Na kama amegusa dawa ya pamba."

Nilimgeukia mama. Mama alikuwa amenishika mkono, sijui alikuwa amenishika tangu saa ngapi. Nikamwambia kwa Kisukuma: "Anauliza amekula nini."

"Michembe asubuhi," mama akasema. "Na maziwa."

"Amekula michembe, viazi vile vikavu, na maziwa," nikamwambia nesi.

"Na dawa?"

"Hakuna dawa."

Mwanamke wa chumba cha pili akapiga ukelele. Nesi akatutazama, akatazama mlango, akaenda.

Tulikaa pale. Kulikuwa na benchi, mezani kopo la sindano zilizochemshwa, ukutani picha ya mama anayenyonyesha. Kifua cha Milembe kilikuwa kinatoa sauti ya maji yanayochemka, kama uji mzito. Mama alimgeuza ubavu, akawa anamfuta kwa ncha ya kanga. Mimi nilikuwa nasema moyoni: sasa hivi atapona mwenyewe, ndama huwa wanapona. Nikiisema, baba ataniua. Nisipoisema, nesi atampa dawa yake, atapona, tutarudi nyumbani, hakuna atakayejua. Kila pumzi ya Milembe niliihesabu kama ni ya mwisho kabla ya kupona.

Nesi alirudi mara moja, glovu mkononi, akauliza tena kutoka pale mlangoni: "Una hakika hajashika dawa?" Nikasema nina hakika. Akanituma nikachote maji kwenye tenki la nje, ndoo nzima. Nilikwenda. Bomba la tenki lilikuwa linatoa maji kama uzi na nilifurahi kwamba ni la polepole. Niliporudi na ndoo, kwenye kile chumba cha pili mtoto alilia. Mtoto mchanga, sauti ya hasira, yenye afya. Nilikuwa nimenyamaza muda wa kutosha mtu kuzaliwa.

Nesi alitoka akifuta mikono. Hakwenda kwa Milembe. Alikuja kwangu. Aliniinua kidevu, akaniangalia machoni muda mrefu, akashika mkono wangu kama alivyoshika wa mdogo wangu.

"Tema mate," akaniambia.

"Wapi?"

"Hapo chini. Tema tu."

Nilijaribu. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa. Hakukutoka kitu.

"Mwenzako amelowa mwili mzima, wewe hata tone la mate huna. Moyo wake unalala, wako unakimbia. Mboni zake zimesinyaa, zako zimefunguka kama za paka. Mwanangu, mwili wako unanieleza kitu ambacho wewe hutaki kunieleza." Hakusema kwa ukali. "Umempaka nini?"

Nikasema.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda haraka. Alimvua nguo zote, akachukua mkasi na wembe, akamnyoa nywele zile pale pale kitandani, akamsugua kichwa kwa sabuni ya mche na maji yale niliyochota, tena na tena. Nywele zilianguka sakafuni kwa mafungu. Chawa walikuwa humo, wamekufa wote, hata mmoja hakutembea. Mama alinishika bega na kunitazama, kisha akamshika Milembe miguu ili asianguke. Hakuniuliza neno.

Nesi alifungua sanduku la bati, akatoa vichupa. Vilikuwa vitano. "Hii ni atropini," akasema, nafikiri alikuwa anajisemea mwenyewe. Akamchoma. Akasubiri, akamchoma tena.

Nikaona jambo ambalo mpaka leo silisahau. Mate yalianza kupungua. Jasho likakauka kwenye paji la uso. Ile sauti ya uji kifuani ikapoa. Na zile mboni, polepole, zikaanza kufunguka, kama mtu anayesogeza pazia. Milembe akanitafuta kwa macho.

"Dada. Maji."

Nilimwambia mama kwa furaha: "Anaomba maji!" Mama akaanza kusali kwa sauti.

"Mdomo umekauka, ndiyo vizuri," nesi akaniambia. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kidole chake kwenye mkono wa Milembe. Nikamuuliza ilikuwaje dawa niliyompaka kwenye nywele imfanye alie na kukojoa. Alinijibu kama anayemjibu mtu mzima. "Umewahi kuongoza ng'ombe wa plau? Kuna anayeswaga kwa nyuma na kuna anayezuia kwa mbele. Mwilini wapo hivyohivyo. Mmoja anaharakisha moyo, anakausha mdomo, anafungua macho, ukiwa na hofu au ukikimbia. Mwingine anatuliza moyo, anatoa mate, anasaga chakula, anatoa mkojo. Hawakuulizi wewe. Wanafanya usiku na mchana, hata ukilala. Ile dawa inamshika huyu wa pili, inamfanya asiache kazi. Anatuliza, anatuliza, mpaka moyo unataka kusimama. Anatoa maji mpaka mapafu yanajaa."

"Hakufanya makusudi?"

"Nani?"

"Milembe. Kujikojolea."

Alinitazama. "Hakuna mtu anayefanya hayo makusudi, mwanangu."

Baba alifika mchana, ameambiwa na mama Sayi. Nesi alimweleza yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, kwamba mtoto amewekewa dawa ya pamba kichwani, kwamba anahitaji hospitali ya Bariadi, kwamba sindano zinakwisha na sumu bado imo. Baba alinitazama mara moja. Nilifumba macho nikisubiri. Niliposikia kitu, ilikuwa baiskeli yake inaondoka kwenda kutafuta gari barabarani.

Kichupa cha tatu. Cha nne. Kila kimoja kilifanya kazi muda mfupi kuliko kilichotangulia. Nilikuwa nimejifunza kusoma sasa: mdomo ukikauka nafurahi, ukilowa tone naita. "Nesi, mate!" Alikuja. "Nesi, mboni!" Alikuja. Cha tano alikitumia jua likiwa limeanza kuelekea upande wa Maswa. Baada ya hapo nilipoita alikuja vilevile, lakini alikuja na mikono mitupu, akamgeuza, akamfuta, akamwinua kichwa ili maji yatoke. Mboni zilirudi kuwa ncha ya kalamu. Nyama zake zilirukaruka chini ya ngozi, kama kuna wadudu. Kisha zikaacha.

Gari lilipatikana. Lilikuwa lori la pamba, na lilipopiga honi nje nesi alikuwa ameshamfunika.

Harusi ya shangazi ilifanyika kimyakimya wiki kadhaa baadaye. Baba hakunipiga. Hakunipiga siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka anakufa, na ningependa angenipiga. Siku ya nne baada ya mazishi alishusha chupa juu ya kenchi, akajaza bomba, akaenda shambani, kwa sababu funza wa vitumba hawakujua kwamba tuna msiba. Alirudi ananuka kama zamani. Mama alimwekea maji ya kuoga, mbali na nyumba.

Nesi alikuja matangani. Mbele ya ukoo mzima, watu walipokuwa wameanza kunong'ona juu yangu, alisema kupitia kwa katekista: "Msimlaumu mtoto huyu. Ndiye aliyetuambia ni dawa gani. Bila yeye mtoto angekufa asubuhi ileile." Wanawake wakanishika kichwa. Bibi mmoja akanibariki. Nesi hakunitazama alipokuwa anasema na mimi sikumtazama. Mwaka uliofuata alihamishwa.

Niliwahi kuikuta siku ile tena, ubaoni. Nilikuwa kidato cha tatu, mwalimu wa baiolojia akachora safu mbili. Kushoto akaandika moyo kwenda mbio, mdomo kukauka, mboni kupanuka. Kulia akaandika moyo kupungua mwendo, mate kutoka, mboni kusinyaa, kibofu kufunguka. Akatuambia ni mfumo wa neva unaojiendesha, usiotii matakwa yetu, na kwamba swali lake halikosi kwenye mtihani. Wenzangu walinakili. Mimi nilikuwa natazama benchi moja la zahanati na watoto wawili, mmoja kila safu. Nilitoka darasani nikatapika nyuma ya maabara. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo yakaja mabaya, na wiki hiyohiyo nikapanda basi la Kahama. Sijaacha kupanda mabasi tangu hapo.

Sasa nirudi kwenye mwezi uliopita. Nilipotoka dukani bila kamba, nilikwenda nyumbani. Mama amezeeka, miguu inavimba, lakini anakaa peke yake na hataki kuhamishwa. Nilimkuta kibarazani anakata viazi vya michembe. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu. Nilikuwa nimekuja kwa siku tatu na nilitakiwa kuondoka kesho yake. Sijui ni ile harufu, sijui ni umri. Nikaanza kusema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata yule niliyezaa naye.

"Mama. Siku ile ya Milembe. Nesi aliuliza juu ya dawa mapema, tulipofika tu. Sikukutafsiria."

Akaendelea kukata.

"Akarudia tena, mama. Mara mbili nikakataa."

"Mara tatu," mama akasema.

Nilidhani hajanielewa. Akafuta kisu kwenye kanga.

"Ulipokwenda kuchota maji, alitoka mlangoni akaniuliza mimi." Akasema maneno ya nesi kwa Kiswahili, kamili, hata na ule wimbo wa pwani ndani yake: "'Mama, una hakika huyu mtoto hajapakwa dawa ya pamba?'"

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akitoa sentensi nzima ya Kiswahili.

"Ulielewa?"

"Dawa ya pamba nani asiyeelewa? Miaka yote ile, mikutano ya pamba ilikuwa ya lugha gani?" Aliangalia uani, kwenye zizi tupu. "Nilielewa na ya kwanza. Nikakusikia unavyoiruka. Mkono wako nilikuwa nimeushika, ulikuwa wa baridi, unavuja jasho. Nikajua."

"Ukamjibu nini?"

"Nikatikisa kichwa. Nikamwambia hapana."

Sababu aliitoa bila kuulizwa.

"Baba yako alikuwa na mkono mzito. Na ukoo wake unaujua. Mtoto aliyeua mwenzake, wangekufanya nini? Nikasema huyu mmoja yuko mikononi mwa nesi, labda atapona. Huyu mwingine yuko mikononi mwangu. Nikisema, nitawapoteza wawili."

Alichukua kiazi kingine, akakigeuza akitafuta pa kuanzia.

"Na wawili nikawapoteza vilevile," akasema.